Zamu ya Ijumaa

Mtu akifagia wodi ya wazazi kwa miaka kumi na minane, hata kama hakusomea chochote, hawezi kutoka mtupu. Mama huyu aliitwa Mama Usafi na kila mtu pale hospitali, kuanzia mganga mkuu hadi mlinzi wa getini, na jina alilopewa na baba yake lilibaki kwenye karatasi ya mshahara tu. Akiwa na fagio mkononi, alijua kwa kusikiliza mguno wa mwanamke nyuma ya pazia kwamba huyu bado, akapige deki kwingine, au huyu amefika, aondoe ndoo njiani. Mtaani kwake wajawazito walimpitia kabla ya kwenda kliniki. Wengine walimpitia badala ya kwenda kliniki, jambo alilolikemea kwa mdomo huku moyoni likimfurahisha.

Basi mkwewe aliposhika mimba, mtaa mzima ulisema huyo binti ana bahati. Alikuwa fundi cherehani wa miaka ishirini na miwili, mpole, mwenye vidole vyepesi, aliyeshona sare za shule katika chumba cha mbele cha nyumba ya mama mkwe wake. Mama yake mzazi alifariki zamani. Mumewe, mtoto pekee wa Mama Usafi, alikuwa mpiga lipu. Alilala huko huko kwenye majengo na kurudi Jumapili na chokaa hadi kwenye nyusi.

Mimba ilipoingia mwezi wa saba, Mama Usafi aligundua kwamba binti hali chakula. Sahani yake ilirudi jikoni imepungua vijiko viwili, na mara mbili alimwona akimpa chakula chake mtoto wa jirani. Alidhani ni kichefuchefu, kisha akadhani ni ugomvi na mumewe. Jioni moja akavuta kigoda, akakaa mbele ya cherehani, akauzuia mguu wa binti usikanyage.

"Mbona huli, mwanangu?"

"Nimeshiba, mama."

"Umeshiba tangu mwezi uliopita?"

Binti aliinamisha kichwa, akaanza kuokota vipande vya uzi mapajani mwake kimoja kimoja. "Nataka awe mdogo," alisema. "Akiwa mkubwa, nitachanika."

Ndipo akasimulia. Alipokuwa na miaka kumi na mitano alimsindikiza dada yake kwenda kujifungua, akawekwa kwenye benchi la nje na chupa ya chai. Alimsikia dada yake akizaa, na hilo halikumtisha sana. Kilichomtisha kilikuja baadaye, pale sauti ya muuguzi iliposema ganzi imekwisha na lazima ashonwe hivyo hivyo, atulie, mbona alipokuwa anaitafuta hiyo mimba hakupiga kelele. Miezi miwili dada yake alikaa upande, kalio moja hewani, na mpaka leo mumewe akimgusa bega anashtuka.

"Nilihesabu, mama," binti alisema. "Kila alipolia nilijua sindano imeingia. Kumi na moja. Hata sasa nikishona pindo najikuta nahesabu."

Mama Usafi alikuwa na dawa moja ya kila jambo zito, nayo ilikuwa utani. Akampiga goti, akamwambia, "Kilichochanika hushonwa. Na wewe ni fundi, unaogopa nini?"

Binti hakucheka. Alimtazama tu, macho yamejaa maji, na Mama Usafi akaona aibu. Alikuwa amesikia sindano kama zile mara ngapi akiwa ameinama na dekio lake, akisubiri wamalize ili apate sakafu? Siku hiyo akaapa kimoyomoyo kwamba mkwe wake hatashonwa hata uzi mmoja.

Masomo yalifanyika kila alipokuwa na siku ya mapumziko, mchana, dirisha limefungwa na mkeka umetandikwa. Sindano ya kutuliza uchungu, katika hospitali yao, ilikuwa kitu cha kusikia redioni. Wanawake walizaa kwa pumzi zao wenyewe. Mama Usafi alimfundisha yale aliyoyaokota kwa miaka kumi na minane kutoka kwa wakunga wazuri, na akamwonya juu ya yale aliyoyaona kwa wabaya.

La kwanza, ale. Mtoto hachani kwa ukubwa peke yake, alisema. Huchana kwa haraka. La pili, asikubali kulala chali kama anayepimwa jeneza, maana anayezaa chali anamsukuma mtoto mlimani. Apige magoti, au alale ubavu. La tatu, alegeze taya, kwa sababu mdomo ukikaza na kule chini hukaza. Wakafanya mazoezi ya kulegeza taya mpaka binti akadondosha mate kwenye sare ya mtu, wakacheka wote wawili hadi jirani akagonga ukuta.

La nne lilikuwa gumu kulisema. Wiki sita za mwisho, kila jioni, anawe mikono, akate kucha, achukue mafuta safi na kuutanua mlango wa uzazi taratibu kwa kidole gumba, chini na pembeni, mpaka aone unachoma, kisha apumue palepale penye kuchoma. Binti alijifunika uso kwa shuka.

"Mficha uchi hazai," Mama Usafi alimwambia. "Waliosema hivyo hawakukosea. Kaa hivyo, toa hiyo shuka, nikuonyeshe kwenye mkono wangu."

Akamwonyesha kwenye ngozi iliyo kati ya kidole gumba na cha shahada, akiivuta polepole, na fundi akaelewa haraka kuliko alivyotarajia. Akasema hata kitambaa kiko hivyo. Ukikivuta kwa kufuata uzi wake kinagoma, na ukilazimisha kinapasuka. Lakini ukikikata mshazari, kinatanuka na kurudi.

"Basi Mungu alikukata mshazari," Mama Usafi alisema.

Neno hilo lilimkaa binti. Tangu siku hiyo, hofu ikimshika, alishika pindo la gauni lake, akalivuta kimshazari, akalitazama likirudi. Akaanza kula. Tumbo likajaa, mashavu yakarudi, na utepe wake wa kupimia, akiulaza juu ya tumbo, ukawa unaruka kila mtoto alipopiga teke. Mpiga lipu alikuwa akilipia soda watu waje kuuona utepe huo ukiruka.

La mwisho katika masomo, na kwa Mama Usafi ndilo lililokuwa kubwa kuliko yote, lilikuwa zamu.

Wodi ilikuwa na wakunga wawili wa kupokezana zamu. Mmoja walimwita Mama Pole, kwa sababu hilo lilikuwa neno lake la kwanza kwa mzazi na ndilo lilikuwa la mwisho. Kichwa kikifika mlangoni alishika kitambaa cha maji ya moto, akakiweka pale na kumwambia mama asisukume, apulize tu kama anayepoza chai. Na wengi walitoka kwake wazima. Mwingine walimwita Mkasi. Mkasi alikuwa hodari na mwepesi, hajawahi kulala kazini, lakini alikuwa na haraka ya mtu aliyeacha sufuria jikoni. Kwake, mwanamke wa mimba ya kwanza aliongezwa njia kwa mkasi kama desturi, akitaka asitake. Mama Usafi alipiga deki nyuma yao wote wawili. Sakafu ilimwambia tofauti yao bila kuuliza.

Kila mwezi ratiba ya zamu ilipobandikwa ukutani, yeye alikuwa wa kwanza kuisoma, miwani puani. Tarehe za binti ziliangukia wiki ambayo Mkasi alikuwa Jumatatu hadi Alhamisi, na Mama Pole alianza Ijumaa asubuhi.

"Uchungu ukija mapema tutauvumilia hapa nyumbani," alimwambia. "Tutaingia kwa Mama Pole."

"Na ukija Jumatatu?"

"Mwombe asije Jumatatu. Nawe ndiye unayekaa naye."

Jumatano, Mama Usafi alirudi kutoka kazini saa tisa alasiri akakuta cherehani kimya. Binti alikuwa amekaa mbele yake, sare nusu imo chini ya sindano, utepe umelazwa juu ya tumbo. Alikuwa akiutazama.

"Mama, leo hajacheza kama kawaida."

"Jana?"

"Jana alicheza. Leo tangu asubuhi nimeona kama mara moja. Sina hakika."

Mama Usafi alinawa mikono, akampa chai yenye sukari nyingi, akamlaza ubavu wa kushoto, akaweka kiganja. Walikaa hivyo kwa muda mrefu. Nje mtu aliuza maji, akapita. Kisha chini ya kiganja kitu kikasogea, au tumbo la binti ndilo lililokoroma kwa ajili ya chai. "Umeona?" Mama Usafi aliuliza. "Kajigeuza." Binti alisema ndiyo, kajigeuza. Wote wawili walitaka iwe hivyo kwa nguvu zao zote.

"Mtoto akikaribia hutulia," Mama Usafi alieleza. "Nafasi imekwisha humo ndani, anajipanga." Alikuwa amelisikia hilo kwa wanawake mia, na mia hao walizaa.

"Tusiende tu wakamsikilize?"

"Yupo Mkasi, leo na kesho. Ukiingia kwake na tumbo hilo, atakwambia siku zimefika, atakutundikia dripu ya kuanzisha uchungu, na dripu yake hujawahi kuiona. Mtoto anatoka kama kasukumwa ngazini. Utakatwa, mwanangu. Nakwambia ninachokijua." Akamfuta jasho la paji la uso. "Keshokutwa asubuhi anaingia Mama Pole. Siku moja tu hiyo katikati. Subira huvuta heri."

Binti alifumba macho. Mkono wake ulikuwa umeshika pindo la gauni, ukilivuta kimshazari. "Sawa, mama," alisema, na usoni mwake palikuwa na kitu kama nafuu.

Alhamisi wodi ilikuwa tupu. Kuna siku za namna hiyo, vitanda vimetandikwa na hakuna hata kilio kimoja, na wauguzi wanaogopa kusema pametulia wasije wakaiita balaa. Mama Usafi alipiga deki chumba namba moja na namba mbili, akasafisha madirisha, akafuta vumbi kwenye bango la mwanamke mjamzito aliyeshika tumbo, lile lililokuwa ukutani karibu na meza ya wakunga. Alikuwa akilifuta kila wiki kwa miaka sita. Mkasi alikuwa mezani anakunywa chai, miguu juu ya kiti cha pili.

"Mkweo vipi, Mama Usafi? Bado tu?"

"Bado, sista."

"Akiona lolote mlete. Leo hata nasinzia."

"Sawa, sista," alijibu, akakamua kitambaa kwenye ndoo.

Jioni alimuuliza binti mtoto vipi. Binti alisema yuko kimya, labda amelala. Hakusema zaidi na Mama Usafi hakuuliza zaidi. Walifungasha begi pamoja: nguo sita ndogo ambazo fundi alizishona mwenyewe kwa mabaki ya kitambaa cheupe cha mashati, mishono yote imegeuzwa nje ili isimkwaruze.

Uchungu ulikuja alfajiri ya Ijumaa, kana kwamba na wenyewe ulisoma ratiba. Binti aliamka na kuupokea vizuri sana. Alipiga magoti, akaegemea kiti cha cherehani, akalegeza taya, akapumua. Ulipomwacha alitabasamu, akasema, "Mama, naweza." Mama Usafi alimpigia mwanawe simu, akaja jirani mwenye gari, na saa mbili kasorobo walikuwa mlangoni mwa wodi. Mkasi alikuwa ameshaondoka. Mama Pole alikuwa anafunga aproni.

"Pole, mama," alimwambia binti. "Karibu. Umekuja vizuri."

Akampandisha kitandani katika chumba namba mbili, akampima, akasema njia imeshafunguka nusu na binti anastahili zawadi. Halafu akachukua ile pembe ya bati ya kusikilizia, akaweka mdomo wa pembe juu ya tumbo na sikio lake upande wa pili.

Mama Usafi alisimama miguuni mwa kitanda, begi mkononi. Aliona Mama Pole akihamisha pembe kushoto. Akaihamisha chini. Akainuka, akaifuta kwa aproni kana kwamba ina uchafu, akainama tena na kuziba sikio la pili kwa kidole. Miaka kumi na minane. Alishaiona pembe ikihamishwa namna hiyo, akajua siku zile kuokota ndoo na kutoka taratibu asisumbue. Leo hakuwa na pa kutokea.

Aliitwa daktari na mashine yake ya picha. Daktari alikigeuza kioo upande wa ukuta. Alitazama, akamtazama Mama Pole, akamtazama binti, na akasema kwa sauti ya chini kwamba moyo wa mtoto haupigi.

"Msikilizeni tena," binti alisema. "Amelala."

Walimsikiliza tena. Uchungu ukaja katikati ya kusikiliza, naye akaupumua vizuri kama alivyofundishwa, na hakuna aliyeweza kumtazama. Ulipopita, Mama Pole alikaa kitandani kando yake, akamshika mkono, akamuuliza mara ya mwisho mtoto alicheza lini.

Binti alimtazama mama mkwe wake. Hakumkazia macho. Alimtazama kama mtu anayetaka kuona kitu kilichosimama ukingoni, asije akakisukuma.

"Leo asubuhi," alisema. "Alicheza leo asubuhi."

Mama Usafi alifungua kinywa. Akakifunga. Mama Pole aliandika.

"Sasa nifanyeje?" binti aliuliza.

"Utamzaa, mama. Vilevile."

"Vilevile?" Alilirudia neno hilo kama mgeni asiyejua lugha. Kisha akasema, "Basi nikateni. Nikateni tu mumtoe."

"Hapana," Mama Pole alisema. "Sikukati. Huna sababu ya kuumia mara mbili. Nitakulinda kama ningekulinda siku nyingine yoyote. Mama Usafi, niletee maji ya moto na kitambaa."

Akazaa, basi. Alifanya yote. Alipiga magoti, akalegeza taya, akaguna kwa sauti ya chini kama walivyofanya mazoezi siku ile mate yalipodondoka kwenye sare ya mtu. Ilipofika saa ya kusukuma hakukurupuka. Mama Usafi alikamua kitambaa, akakipitisha kwa Mama Pole, akachovya kingine, mikono ikifanya kazi yenyewe. Kichwa kilipofika mlangoni Mama Pole alisema basi, usisukume sasa, na binti akageuza uso, akitafuta sauti aliyoizoea.

Mama Usafi alidhani yeye mwenyewe hataweza kusema. Aliinama, akaweka mdomo sikioni mwa mkwewe. "Poza chai, mwanangu," alimwambia. "Puliza. Poza chai."

Binti akapuliza. Mtoto akatoka polepole, kichwa, bega, bega, katika kimya ambacho Mama Usafi hakuwahi kukisikia, kwa sababu siku zote alikuwa ameshatoka na ndoo. Alikuwa msichana. Kilo tatu na robo, nywele tele, mashavu ya mtoto aliyelishwa. Kwenye kifundo cha mkono na ubavuni ngozi yake ilikuwa imeanza kubambuka. Mama Usafi aliiona. Aliinua macho akakutana na ya Mama Pole, naye alikuwa ameiona. Mtoto aliyecheza asubuhi ngozi yake haiwi hivyo. Mama Pole alichukua taulo. Alimfuta mtoto, akamvika moja ya zile nguo sita, akamlaza kifuani kwa mama yake.

Kondo la nyuma lilipotoka, aliinamisha taa na kumkagua mzazi kwa makini, kama kawaida yake. Na kama kawaida yake, kwa ile sauti aliyowapa nayo wanawake wengi habari njema, akasema, "Hukuchanika. Hata kidogo."

Alijisikia mwenyewe. Akazima taa.

Saa nane mchana msimamizi wa usafi alichungulia na kusema anasikitika sana, lakini chumba namba mbili kinahitajika na msafishaji wa zamu hajafika. Hakuwa mtu mbaya. Kuna mwanamke mwingine alikuwa anaguna kwenye benchi. Mama Usafi akachukua dekio. Binti alikuwa ameshahamishiwa kitanda cha pembeni, amegeukia ukuta. Damu ilikuwa kidogo sana. Kwa kawaida chumba kile humaliza ndoo tatu. Siku hiyo moja ilitosha.

Alipotoka nayo, aliisikia sauti ya mwanawe kabla ya kumwona. Mpiga lipu alikuwa amesimama mbele ya meza ya wakunga, chokaa mikononi hadi kwenye viwiko, na chini ya kwapa ameshika beseni jipya la bluu la kuogeshea mtoto. Alikuwa amelinunua njiani, kabla hajajua.

"Alikuwa anacheza asubuhi," alikuwa anasema. "Mke wangu kaniambia kwa mdomo wake. Alicheza asubuhi, kaingia hapa mzima, mmefanya nini? Niambie wewe uliyempokea. Mmefanya nini?"

Watu walikuwa wamejaa kwenye korido. Mama mmoja aliyekuja kliniki alisonya, akasema wakunga wa siku hizi. Mwingine akasema wapelekwe mahakamani. Mama Pole alikuwa ameinamisha macho kwenye daftari lake. Angeweza kumwambia juu ya ngozi. Alisema tu, "Pole, baba. Pole sana."

Mama Usafi alisimama na ndoo. Nyuma ya kichwa cha mwanawe lilikuwepo lile bango, mwanamke aliyeshika tumbo, na leo, kwa kuwa hakuwa na pengine pa kuweka macho, akayasoma maandishi yaliyokuwa chini yake. *Mtoto akipunguza kucheza, usisubiri. Njoo siku hiyo hiyo, saa yoyote.* Herufi zilikuwa kubwa, nyekundu. Zilikuwa safi, hazina vumbi hata chembe.

"Muache huyo," alimwambia mwanawe.

"Mama, tulia, hujui—"

"Alinyamaza Jumatano. Mkeo aliniambia Jumatano alasiri. Alitaka tuje, mimi nikamkataza. Nilimwambia asubiri zamu ya Ijumaa, asije akakatwa." Aliweka ndoo chini, maana maji yale hayakuwa ya kumwagika pale. "Asubuhi hakucheza. Amesema hivyo kunifunika. Sista, futa hapo. Andika Jumatano."

Mama Pole alichukua kalamu, akakata neno moja na kuandika jingine.

Mwanawe alimtazama. Alikuwa mtoto wake pekee, alimzaa katika chumba namba mbili hicho hicho, kabla hajaanza kukisafisha. Aliliweka beseni juu ya benchi polepole, kama lina maji.

"Nimesikia," alisema, "Mama Usafi."

Akapita pembeni yake kurudi kwa mkewe.

Walimzika mtoto Jumamosi, watu wanane tu. Mpiga lipu akarudi kwenye majengo Jumapili ile ile, siku ambayo kila wiki ndiyo ilikuwa ya kurudi nyumbani. Jumatatu maziwa yakaja.

Hakuna aliyekuwa amemwandaa binti kwa hilo. Aliamka kifua kimejaa na kuuma, gauni limelowa, akakaa kitandani akiitazama ile hali kama mtu aliyeletewa mzigo usio wake. Mama Usafi alirarua shuka la zamani, akamfunga kifua kwa kitambaa kipana, akikaza polepole, akizunguka nyuma yake, akirudi mbele. Tangu Ijumaa hawakuwa wamesemezana ila yale ya maji na chakula.

"Kwa nini ulimwambia?" binti aliuliza.

"Kwa sababu ulisema uongo kwa ajili yangu, na mtu mwingine ndiye aliyekuwa anaubeba."

Binti aliinua mkono ili kitambaa kipite. "Sikusema kwa ajili yako peke yako." Mama Usafi akasubiri na pindo la shuka mkononi. "Mimi nilikuwa naye, mama. Wewe ulikuwa nje. Jumatano nilijua. Nilikuuliza ili unikataze. Uliposema tusubiri, nilifurahi. Niliogopa mkasi kuliko nilivyoogopa ule ukimya."

"Usiseme hivyo."

"Nilimwomba Mungu kila siku, mafuta mkononi. Nilimwambia lolote lile, ila nisichanike. Nilisema hivyo hivyo, lolote lile."

Mama Usafi alifunga fundo, akalificha ndani lisimchome.

Binti akainuka. Alitembea bila kuchechemea hadi chumba cha mbele, akaketi kwenye kiti cha cherehani, sawasawa, makalio yote mawili, bila maumivu yoyote. Sare ya Jumatano ilikuwa bado imo chini ya sindano.

"Ulisema kilichochanika hushonwa," alisema, bila kugeuka.

"Nilisema."

"Heri ningechanika, mama. Ningechanika vipande viwili."

Akakanyaga. Cherehani kilikwenda inchi chache, kikasimama. Akakanyaga tena, kikasimama tena. Mama Usafi alichungulia mlangoni, akaona kitambaa alichomfunga kimeshalowa mpaka kwenye gauni, akarudi chumbani kurarua kingine.